Riwaya ya Siku za Usoni Imenishinda

SWALI: Mama Maktaba, salamu nyingi kutoka Nakuru. Mimi ni kijana wa miaka 26, nauza vipuri vya pikipiki karibu na Soko la Wakulima. Nimependa kusoma tangu shuleni, na kwa kawaida humaliza kitabu kimoja kila baada ya wiki mbili. Mwezi uliopita mteja aliniachia riwaya ya Kiingereza, Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury, akasema ni ya kusisimua na inahusu siku za usoni. Nimefika ukurasa wa 30 nikakwama. Wazima moto wanaochoma vitabu? Mbwa wa chuma? Mimi nimezoea Willy Gamba, mtu mwenye bastola na adui anayejulikana. Hizi hadithi za mambo yasiyokuwapo zina faida gani kwa msomaji wa Kiswahili? Na wewe mwenyewe wiki yako ya kusoma huwaje, maana kila toleo unataja vitabu vitatu vinne?

JIBU: Mwanangu, barua yako ilinifikia Ijumaa, na Jumapili asubuhi nilikuwa Kibuye, nimechuchumaa mbele ya gunia la vitabu vya mitumba, nakitafuta hicho hicho kinachokusumbua. Nilikuwa sijakisoma. Nilikijua jina na habari zake za juu juu, na sikuona haki kumshauri mtu juu ya kitabu nisichokifungua. Nilikikuta chini ya rundo la majarida ya mapishi: jalada limekunjika pembe, uti umeachia, bei shilingi 150. Muuzaji alinipunguzia 30. Kurasa za mwisho sikuzitazama, na hilo nitalirudia.

Umeuliza wiki yangu huwaje. Nitakusimulia hii moja, kwa kuwa wewe ndiye uliyeianzisha.

Jumatatu na Jumanne zilikuwa siku za kushona. Katika shule ninayofanyia kazi, hapa Kisumu, nilikuwa na nakala 11 za Siku Njema zilizoachia kurasa, na mimi siwezi kutengeneza kitabu bila kukisoma. Mkono unapaka gundi, jicho linafuata mstari. Kwa hiyo siku mbili nilikuwa tena na Kongowea Mswahili, yule mhusika wa marehemu Ken Walibora, kijana anayemtafuta baba yake kutoka Tanga hadi Kitale. Riwaya ilitoka 1996 na wanafunzi bado wanaigombania, ndiyo maana inachanika. Usiku kitandani nilikuwa na Grace Ogot, The Promised Land ya 1966: Ochola na Nyapol wanahama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta maisha mapya. Hicho nimekisoma mara nne, na bado huwa nakirudia kurasa chache chache kama mtu anayemtembelea shemeji.

Jumatano ndipo nilipofungua chako.

Ukurasa wa kwanza ulinishika pua kabla ya kunishika akili. Guy Montag, mzima moto, anachoma nyumba iliyofichwa vitabu, na kinachomwagwa ni mafuta ya taa. Baadaye kidogo anamwambia binti wa jirani kwamba harufu ya mafuta hayo haikutoki hata ukioga vipi, na kwamba kwake yeye ni kama manukato. Nilikifunga kitabu, kidole kikiwa bado ndani. Mimi nilijifunza kusoma kwa koroboi, Mumias, nyumbani kwa bibi mzaa mama. Kopo la bati, utambi wa kipande cha shuka kuukuu, na moshi mwembamba uliokuwa ukichora mstari mweusi ukutani mpaka kwenye dari. Asubuhi ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Kila neno nililolijua kabla ya darasa la tatu lilinijia na harufu hiyo. Sasa mtu ananiambia kwamba mafuta yale yale yaliyonionyesha maandishi ndiyo yanayomwagiwa maandishi. Sikuuliza tena kama jambo hili linawezekana. Nilitaka kujua mtu huyu atafanya nini.

Hapo ndipo ninapotaka nawe ufike. Umekwama kwa sababu kila ukurasa unauliza, “Hili litatokeaje?” Mwandishi amekupa jibu fupi: nyumba zote zimejengwa kwa namna isiyoshika moto, wazima moto wakakosa kazi, wakapewa nyingine. Basi, anaendelea na safari yake. Likubali kama ulivyomkubali Sungura akizungumza na Fisi ulipokuwa mdogo, kisha umtazame binadamu aliyewekwa katikati ya mambo hayo.

Na huyo binadamu si Willy Gamba. Nampenda Willy Gamba, usinielewe vibaya. Elvis Musiba alipotoa Kufa na Kupona mwaka 1974 aliwapa wasomaji wetu shujaa anayejua anapigania upande gani. Montag hajui. Yeye mwenyewe ndiye askari wa upande mbaya, anatoka kazini akitabasamu, mpaka anapokutana na Clarisse, binti anayekaribia miaka 17, anayetembea usiku ili anuse hewa na kuonja mvua. Kabla ya kuagana binti anamuuliza: una furaha? Montag anaingia ndani na kumkuta mkewe amemeza chupa nzima ya vidonge vya usingizi. Wewe uko ukurasa wa 30, hayo umeyapita, lakini naona umeyapita mbio. Rudi. Soma pale wanapokuja wanaume wawili na mashine yao kumsafisha yule mwanamke damu na tumbo. Si madaktari. Ni mafundi tu, mmoja anavuta sigara huku akifanya kazi. Wanadai dola 50 na kusema kwamba watu wa namna hiyo huwapata tisa au kumi kila usiku, kisha wanabeba mashine yao kwenda kwa mwingine. Nilipomaliza ukurasa huo nilinyanyuka nikaenda kuhakikisha mlango umefungwa. Hakuna bastola hapo, na bado moyo unakwenda mbio.

Mbwa wa chuma mvumilie. Ana miguu minane na sindano, na hasahau harufu yako. Atakuja kukulipa uvumilivu wako wote sehemu ya tatu.

Alhamisi nilikisoma ndani ya matatu. Napandia Kondele saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ile niliyoipanda siku hiyo ilikuwa na spika chini ya kiti changu. Nilikuwa sehemu ya pili ya kitabu. Montag naye yumo ndani ya treni, ameshika Biblia, na anataka kukariri maneno ya Yesu kuhusu maua ya mashamba kabla hajanyang'anywa kitabu. Spika za treni zinapiga tangazo la dawa ya meno, halikomi. Anakumbuka utotoni, ufukweni, binamu yake alipomwambia: ukijaza chekecheke hili mchanga nitakupa senti kumi. Akachota na kumimina. Kadiri alivyomimina haraka ndivyo mchanga ulivyopita haraka, mpaka akaketi pale akilia, chekecheke tupu mikononi.

Nilisoma sentensi hiyo mara tano na kila mara ilinipita. Chini yangu wimbo, mlangoni kondakta anagonga bati, mbele dereva anabishana na simu. Nilitazama abiria. Tulikuwa 14, na watano walikuwa na vile vidude vidogo masikioni. Bradbury ameviandika humo, redio ndogo kama kombe za baharini zinazoingia sikioni, na mkewe Montag analala nazo. Kitabu kilitoka 1953. Nilishuka steji moja kabla ya yangu, nikaketi kwenye kibaraza cha duka ambalo lilikuwa halijafunguliwa, nikaisoma aya hiyo upya mpaka ikakaa. Nilichelewa kazini dakika kumi, mara ya kwanza mwaka huu, na nilimweleza naibu wa mwalimu mkuu sababu yenyewe bila kuficha.

Lakini aya iliyonikosesha usingizi ni ya Beatty, kapteni wa wazima moto, anapokuja kumtembelea Montag kitandani na kumweleza mambo yalianzaje. Utadhani atasema serikali ilitoa amri. Hasemi hivyo. Anasema watu wenyewe walianza. Vitabu vikubwa vilikatwa vikawa vipindi vya redio vya dakika 15, vikakatwa tena vikawa safu ya kusomwa dakika mbili, mwisho vikawa mistari kumi au kumi na miwili ndani ya kamusi. Amri ilikuja baadaye, wakati vitabu vilikuwa vimeshaachwa.

Mwanangu, mimi ninayo rafu ya miongozo, vile vitabu vya kuwaeleza wanafunzi riwaya za mtihani. Ukiweka mwongozo wa riwaya teule mezani saa nne asubuhi, saa sita haupo. Riwaya yenyewe imelala kabatini, safi, haina hata alama ya kidole. Mwezi uliopita binti wa kidato cha tatu alinitajia dhamira saba za riwaya hiyo kwa mpangilio, bila kukosea. Nikamuuliza, ni tukio gani lililokuumiza moyo? Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwa adabu, “Madam, hilo halimo.”

Hakuna aliyemchomea kitabu binti huyo. Kipo, namba yake nimeiandika kwa mkono wangu. Ndiyo maana siwezi kukubaliana nawe kwamba haya ni mambo yasiyokuwapo. Tangu Ijumaa nimeanza kumsomea yeye na wenzake sita kurasa tano za riwaya yao kila saa ya chakula, kwa sauti. Wanakuja na sahani zao. Jana walikuwa tisa.

Sasa lile nililosema nitalirudia. Alhamisi usiku stima ilipotea saa mbili, nikaendelea kwa tochi ya simu. Montag ameshageuka mkimbizi. Mbwa wa chuma yuko nyuma yake, televisheni zinamrusha moja kwa moja, na mji mzima unaambiwa ufungue milango kwa pamoja na kutazama nje ili aonekane. Anaufikia mto. Anaingia majini, maji yanamchukua. Nikafunua ukurasa, nikakuta jalada la nyuma. Nilipapasa ndani ya uti nikahesabu vishina vya karatasi zilizong'olewa: kumi.

Kama hutaki kujua mwisho, ruka aya tatu zifuatazo.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Mtaa mzima tunamwita Japuonj, yaani mwalimu kwa Kidholuo. Ijumaa jioni nilimkuta uani, mkewe anachambua omena kwenye ungo, nikaketi kumsaidia mama na kumwambia mzee shida yangu. Alisema alikisoma mara moja tu, akiwa chuoni, mwaka 1968. Akafumba macho, akaanza pale pale mtoni kana kwamba nimempa kurasa mkononi. Montag anatoka majini, anafuata reli iliyoachwa, anawakuta wanaume wamezunguka moto. Ni wasomi waliokimbia mji, na kila mmoja amebeba kitabu kichwani, neno kwa neno, ili siku moja kiandikwe tena. Watawarithisha watoto wao kwa mdomo mpaka siku hiyo ifike. Montag anapewa sehemu yake: Mhubiri. Kisha vita vinaushukia mji mbele ya macho yao, na asubuhi wanaanza kutembea kurudi huko, wakawasaidie watakaokuwa wamesalia. Japuonj alipofika hapo aliisema Mhubiri sura ya tatu yote kwa Kidholuo, kwa kila jambo kuna majira yake, mkewe akimalizia naye mistari ya mwisho huku vidole vyake vikiendelea kutoa vichwa vya omena.

Mimi nilikuwa namwona bibi yangu wa Mumias. Alizaliwa Mombasa, herufi za shuleni hakuzijua hata moja, na alikuwa na Utendi wa Mwana Kupona wote kichwani, beti zaidi ya mia moja, wasia ambao mama yule alimtungia binti yake mwaka 1858. Alikuwa akiusema akisuka nywele zetu. Ukikosea ubeti kichwa kinavutwa. Nilipokuwa nikisoma kwa koroboi yake, kitabu kilichokamilika kuliko vyote ndani ya nyumba ile kilikuwa yeye, nami nilikuwa nimekipa mgongo nikiinamia kitabu cha shule. Nina beti 23 tu zake. Nimezihesabu usiku huo.

Jumamosi mwalimu mwenzangu aliniazima nakala nzima. Nililinganisha. Japuonj hakumsahau mtu hata mmoja wa maana, baada ya miaka yote hiyo. Alikosea kitu kimoja: alisema wale watu asubuhi walichoma viazi vitamu kwenye majivu. Kitabuni wanakaanga nyama ya nguruwe kwenye kikaango. Viazi ni vya utoto wake mwenyewe, Asembo. Nimeshona karatasi nyeupe kumi pale zilipong'oka zile za kwanza, na Japuonj amekubali kunisimulia upya polepole niandike. Viazi nitaviacha vilivyo.

Umeuliza pia faida kwa msomaji wa Kiswahili, kana kwamba sisi ni wageni wa hadithi hizi. Jumapili nilikishusha Kusadikika cha Shaaban Robert. Kilitoka 1951, miaka miwili kabla ya Bradbury. Nchi nzima inaelea hewani. Karama anashtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria, na anajitetea kwa kuwakumbusha wakubwa habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mbinguni na ardhini zikiwemo, wakarudi na maarifa, wakafungwa kwa ajili ya maarifa hayo. Shaaban Robert aliandika chini ya utawala wa Mwingereza, Tanganyika. Asingeweza kuitaja nchi kwa jina, akaipandisha mawinguni. Kisha mtafute Katama Mkangi, Walenisi, ya 1995. Dzombo amehukumiwa kifo, anapakiwa kwenye chombo cha angani, na anakotua ni sayari ambayo jina lake ukilitamka polepole unasikia “wale ni sisi.” Ushauri wangu ni kwamba Fahrenheit ukiweke kando kwa wiki moja, usome Walenisi, halafu urudi ukurasa wa kwanza. Jicho litakuwa limezoea.

Jambo moja zaidi nilijualo mimi kama mtunza maktaba, nakupa liwe lako. Rasimu ya kwanza ya kitabu hicho Bradbury aliipiga chapa chini ya maktaba ya chuo kikuu huko Los Angeles, ambako taipureta zilikodishwa: unatumbukiza senti kumi, unaandika nusu saa. Ilimgharimu dola 9.80. Alisimulia kwamba akichoka alipanda juu, akatembea katikati ya rafu, akinusa na kushika vitabu, kisha akashuka kuendelea kuvichoma.

Ukifika mwisho, niandikie.

SWALI: Mama Maktaba, watoto wangu wameng'oa uti wa kamusi. Nimeipiga selotepu mara mbili na inaachia tena. Nifanyeje? (Mama wa watoto wanne, Kakamega)

JIBU: Dada yangu, selotepu itoe kwanza, polepole, ukiipasha moto kwa mbali kwa pasi isiyo kali, huku umeweka kitambaa katikati. Ikikaa muda mrefu inageuka njano na kula karatasi. Futa gundi iliyobaki. Zipange kurasa, zigongegonge mezani upande wa uti mpaka ziwe sawa, kisha zibane kati ya mbao mbili zenye ncha sawa, uti ukichungulia kidogo. Paka gundi nyeupe ya mafundi seremala kwa brashi, safu nyembamba, ingia vizuri katikati ya kurasa. Usitumie gundi ya unga wa ngano kama nyumba ina mende, wataila na kamusi yako. Gundi ikiwa bado mbichi, kata kipande cha shuka kuukuu ya pamba, kirefu kama uti na kipana kuzidi uti vidole viwili kila upande, kibandike, upake safu nyingine juu. Rudisha jalada, ingiza karatasi ya nailoni ndani ya majalada yote mawili lisigandamane na kurasa, kisha laza juu yake debe la mahindi. Usiifungue kabla ya kesho yake jioni, hata watoto wakiihitaji.